Unakuja Ulaya Kaskazini mwezi wa nne au wa tano? Pitia huu uzi kabla hujafunga begi

#1 Mkazi wa Espoo

Wakuu habari zenu. Kila mwaka ikishaingia mwezi wa pili inboksi yangu inaanza kujaa swali lile lile, kaka nakuja Helsinki mwezi wa nne, mara mdogo wangu kapata kozi fupi Stockholm mwezi wa tano, huko si baridi itakuwa imeisha, abebe nini. Nimechoka kujibu mmoja mmoja nimeona bora nifungue uzi kabisa, mwenye nyongeza aongeze, mwenye kupinga apinge.

Kwanza tuelewane kuhusu springi yenyewe, yale majira ya kati ya baridi na kiangazi. Ukisikia watu wa huku wanasema springi imefika usije ukawaza maua na kaptula. Idara ya hali ya hewa ya Uswidi, SMHI, hawaangalii kalenda, wao wanaangalia wastani wa joto wa kutwa nzima, ukikaa juu ya sifuri siku saba mfululizo basi springi imeingia, na ukifika 10 siku tano mfululizo hapo wanaita kiangazi tayari. Yaani kwa Mswidi nyuzi 3 ni springi halali kabisa na anakuambia huku anatabasamu.

Kwa namba ili tusibishane: Helsinki mwezi wa nne mchana inacheza nyuzi 7 au 8, usiku inagusa sifuri na mara nyingine inazama chini. Mwezi wa tano mchana 14 au 15, usiku 5 au 6. Stockholm inaizidi Helsinki kidogo, Copenhagen mwezi wa nne inafika 10 au 11. Lakini hizo ni wastani wakuu na wastani unadanganya, maana mwezi wa tano wiki hii unaweza kukuta watu wamejilaza kwenye nyasi za bustani ya Kaivopuisto hapa Helsinki bila shati na wiki inayofuata asubuhi unafungua pazia unakuta theluji juu ya magari. Kwa hiyo usifunge begi la baridi wala usifunge begi la joto, funga begi la kubadilika badilika. Hilo ndo neno langu kuu kwenye huu uzi, mengine yote ni ufafanuzi.

Adui namba moja ni upepo. Watabiri wa huku wanaandika upepo kwa mita kwa sekunde, kwa hiyo ukiona imeandikwa 10 usidharau, hiyo ni kilomita 36 kwa saa. Nyuzi 5 ukichanganya na upepo huo mwili unasoma kama sifuri. Aliyewahi kushuka basi Makambako saa kumi alfajiri mwezi wa saba anaelewa naongelea nini.

Halafu kuna hii ya bahari ambayo watu wa pwani inatuchanganya sana. Sisi tumezoea ufukweni ndo kwenye joto lake, huku springi ni kinyume. Maji ya Baltiki mwezi wa nne bado yako nyuzi chache tu juu ya sifuri, upepo ukipita juu yake unakuja na ubaridi wote moja kwa moja kifuani kwako. Siku moja hiyo hiyo Tampere kule ndani wanaota jua na Helsinki ufukweni watu wamejikunyata. Ukipanda feri ya Suomenlinna pale Kauppatori, ile ngome ya kisiwani ambayo kila mgeni lazima aende, safari yenyewe ni kama robo saa tu, angalia wenyeji. Boti haijaondoka bado wote wameshavuta zipu mpaka kidevuni na mzula umeshuka masikioni. Mgeni ndo yuko juu kabisa anapiga selfi na shati la vitenge.

Na usiamini dirisha. Nyumba nyingi huku zina kipimajoto kimebandikwa nje ya kioo, jua likikipiga kinasoma 20, hewa yenyewe ni 6. Unatoka umevaa kwa ajili ya 20, ukivuka tu upande wa barabara wenye kivuli ndo unajua hujui. Pakua programu ya hali ya hewa ya Yr, ni ya Wanorwe, bure, inafanya kazi hata ukiwa Mbagala, angalia saa kwa saa na sio namba kubwa ya juu peke yake.

Sasa ndani ya nyumba, dukani, kwenye tramu, kwenye maktaba, joto ni nyuzi 21 au 22 muda wote. Hapa ndo lile koti kubwa la manyoya linakuumbua. Umelivaa, umeingia kwenye metro, unatoka jasho la mgongo, unashuka umelowa, upepo unakukuta, umekwisha. Kwa hiyo vaa kwa matabaka kama wenyewe wanavyovaa. Ya kwanza inayogusa ngozi iwe ya sufu laini au zile taiti na fulana za michezo zisizo za pamba, maana pamba ikishika jasho haikauki, inakaa imekugandia. Ya pili sweta au flisi. Ya tatu jaketi jepesi la kuzuia upepo na mvua, liwe na kofia yake, na liwe pana kidogo ili sweta liingie ndani bila kukubana makwapa. Ukiingia dukani unafungua zipu, ukitoka unafunga, kazi imeisha. Ongeza mzula, skafu, glavu nyepesi. Glavu ndo watu wanaziacha, halafu unawaona wameshika simu wanatafuta ramani vidole vimekufa ganzi.

Viatu sasa, hapa nitakaa kidogo. Wakati wa baridi manispaa wanamwaga changarawe ndogo ndogo zilizopondwa njiani ili watu wasiteleze kwenye barafu. Theluji ikiyeyuka zile changarawe zinabaki pale pale, wiki na wiki, mpaka magari ya kufagia yapite. Ni vijiwe vyenye ncha. Ukivaa raba zenye soli yenye mifereji mipana vinajipachika humo, unaingia nyumbani kwa mwenyeji wako unasikia kra kra kra kwenye sakafu yake ya mbao na yeye anaangalia miguu yako kwa adabu sana. Ukivaa kiatu cha soli laini cha kanisani, kwenye kimteremko vinakupeleka. Na matairi ya misumari ambayo wanayatumia msimu wa baridi yanasaga lami, kwa hiyo hali ya hewa ikikauka mwezi wa tatu na wa nne kuna vumbi mjini la kukwaruza koo, mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta na mwenye lenzi za machoni aje na miwani.

Kiatu cha kuja nacho ni buti fupi au raba ngumu isiyopitisha maji, ambayo umeshaivaa nyumbani ikazoea mguu. Jozi ya pili iwe nyepesi. Na soksi jamani, soksi. Huku ukiingia nyumba ya mtu unavua viatu mlangoni, hakuna mjadala, awe profesa awe fundi bomba. Sasa wewe umekuja na soksi dole gumba limetokeza, na ndo umealikwa chakula na bosi wa mradi.

Karibuni.

#2 Shangazi wa Mbezi

Asante sana mwanangu kwa uzi. Mimi naenda Stockholm kwa binti yangu mwezi wa tano anajifungua. Tayari nimenunua koti kubwa pale Karume, zito kweli, lina manyoya kwenye kofia, muuzaji ameniapia kwamba ndo la Ulaya lenyewe. Sasa wewe unasema lisije? Na mimi ni mtu wa baridi, hata feni nazima.

#3 Mkazi wa Espoo

Shikamoo shangazi, na hongera ya mjukuu in advansi.

Muuzaji hajadanganya, ni la Ulaya kweli, ila ni la mwezi wa kwanza. Kwa mwezi wa tano Stockholm litakula nusu ya begi halafu litakaa kwenye kabati la binti yako. Kwa kuwa wewe ni mtu wa baridi fanya hivi, chukua sweta mbili badala ya moja, taiti za ndani za kuvaa chini ya gauni, shali nzito, na jaketi la mvua la juu. Kanga zako njoo nazo, hizo utazitumia kila siku, mtoto atabebwa, utajitanda ukiwa balkoni, utajifutia. Lile koti mwachie mtu wa Njombe alipe hela yake.

Kitu kingine shangazi, mwezi wa tano jua la Stockholm linazama saa tatu na zaidi usiku, na linachomoza saa kumi alfajiri. Mwisho wa mwezi ni mbaya zaidi. Utakaa unasubiri giza ulale hulioni. Njoo na kitambaa cha kufunika macho, zile za kwenye ndege zinatosha.

#4 Mswahili wa Bergen

Naona Mkazi kaongelea Baltiki tu, sisi wa magharibi mwa Norwe katusahau. Bergen inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na siku zenye mvua ni zaidi ya 200. Nafuu yenu ni kwamba mwezi wa nne mpaka wa sita ndo tunapumua kidogo, ndo miezi mikavu kwa kipimo chetu, ila kikavu cha Bergen bado kinalowesha.

Mwavuli acheni nyumbani. Upepo unatoka baharini unazunguka milimani, unakuja kwa chini, mwavuli unageuka sahani. Mapipa ya taka ya mjini siku ya dhoruba yamejaa miavuli iliyovunjika mbavu, mtu anauchomeka tu humo anaendelea na safari. Koti la mvua lenye kofia inayokazwa kwa kamba, suruali ya mvua ya kuvaa juu ya jinzi, basi. Na kuhusu jinzi, ikilowa nyuzi 8 inakaa imelowa mpaka kesho.

Wanorwe wenyewe wanaamini sufu kuliko kitu chochote. Tarehe 17 mwezi wa tano ni sikukuu ya katiba yao ya mwaka 1814, mji mzima unatoka na mavazi ya asili, yale ya sufu nzito yenye vifungo vya fedha, na watoto wa shule wanaandamana na bendera. Kama ratiba yako iko karibu na siku hiyo njoo na nguo moja ya heshima, suti au gauni zuri, huwezi kuingia kwenye hiyo siku na traki suti, watu wanapendeza kweli kweli. Ila chini ya gauni vaa taiti ya sufu, wao pia wanavaa, hawasemi tu.

Na kama Pasaka imeangukia safari yako Norwe nunua chakula mapema. Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, Jumapili na Jumatatu maduka mengi yanafungwa kabisa, nusu ya mji imepanda milimani kuteleza kwenye theluji.

#5 Msee wa Nørrebro

Niaje wadau, mimi ni Mkenya niko Copenhagen. Mkazi ameongea vizuri lakini hapo kwa glavu nyepesi nampinga. Hapa kila mtu ako kwa baiskeli, mgeni pia utakodisha tu juu ndio rahisi, na ukiwa kwa baiskeli mwezi wa nne asubuhi na huo upepo wa nchi tambarare hakuna kilima hata kimoja cha kuuzuia, glavu nyepesi ni mapambo. Beba za kuzuia upepo. Na marvin, yaani mzula, ya kuingia chini ya helmeti, ile nyembamba, hii ya kufuma yenye pompomu haitaingia.

Mwezi wa nne mwishoni ile miti ya cheri kwa makaburi ya Bispebjerg inachanua, watu wanaenda wengi sana kupiga picha, na hapo ndio utaona wageni wamevaa vinguo vyepesi, juu wanadhani picha ikiwa ya maua ya pinki lazima ni joto. Meno yanagongana kati ya picha na picha. Piga picha ukivua jaketi kwa sekunde kumi, rudisha. Hiyo ndio siri ya hizo picha zote mnaziona Insta.

#6 Kijukuu cha Makete

Nyuzi 7 mchana mnafungulia uzi? Sisi huku mwezi wa saba tunakuta umande umeganda kwenye majani ya viazi na tunaenda shamba na kandambili 😂😂

#7 Mkazi wa Espoo

@Kijukuu cha Makete wewe hatukuongelei mkuu, wewe njoo na fulana yako tu, ukifika hapa utatufundisha sisi. 😂

@Msee wa Nørrebro nakubali kwenye baiskeli, sikulifikiria hilo kwa sababu wageni wangu wengi wanatembea na tramu.

#8 Binti Pangani

Asalam aleikum. Mie nina maswali mawili na mtanisamehe la pili. La kwanza, swala. Nitakuwa Helsinki mwezi wa tano kwa mafunzo, Isha inaswaliwa saa ngapi kama jua linazama karibu saa nne? La pili, huko chooni ni karatasi tupu au? Maana kuna mtu kaniambia nibebe kopo kwenye begi.

#9 Mkazi wa Espoo

Waaleikum salaam dada. Swali la kwanza ni gumu kweli kweli sio utani. Kuanzia mwishoni mwa mwezi wa nne anga la Helsinki haliingii giza kamili usiku kucha, ule wekundu wa magharibi unazunguka kaskazini unaungana na wa alfajiri, kwa hiyo programu za simu ukiziachia zihesabu zenyewe zinakupa saa za ajabu, nyingine zinaacha Isha tupu kabisa. Misikiti ya hapa ina ratiba zake ambazo masheikhe wameshakubaliana, nenda na ratiba ya msikiti ulio karibu nawe, usihangaike na simu. Ramadhani kwa miaka hii imeshasogea upande wa mwezi wa pili na wa tatu, umebahatika, waliofunga ile ya 2019 iliangukia mwezi wa tano wote waulize, ilikuwa saa 18 na kwenda juu tumbo tupu.

Swali la pili halina haja ya kuombewa samahani ni la msingi kuliko yote. Ufini umefika kwenu, karibu kila choo cha nyumba kina kibomba cha mkono pembeni ya sinki na maji ya moto. Kopo acha. Ukivuka kwenda Uswidi, Norwe au Denmark hicho kibomba usikitegemee, huko kopo lako au chupa ya maji ndo mwenzio.

Na kwa kuwa uko kwenye mafunzo watakupeleka sauna, hiyo haikwepeki. Za kawaida wanawake na wanaume wanaingia kwa zamu, zile za umma mchanganyiko kama Löyly pale ufukweni lazima nguo ya kuogelea. Beba burkini au unachovaa kwenda nacho baharini, na ukikataa kwa adabu hakuna atakayekulazimisha.

#10 Mama Wawili

Mimi namleta mtoto wa miaka minne Turku huko Ufini, baba yake anasoma pale. Nimnunulie nini Dar?

#11 Mkazi wa Espoo

Karibu hakuna. Mlete na sweta, kofia ya masikio, glavu mbili maana moja itapotea, na viatu vya kumfikisha. Chekechea za huku watoto wanatolewa nje kucheza mvua inyeshe jua liwake, na springi uwanja wote ni matope, kwa hiyo anahitaji suruali ya mpira yenye mikanda ya mabegani, jaketi lake la mpira na gambuti. Vitu hivyo Dar hutavipata na hapa viko tele kwenye kirpputori, yale masoko ya mitumba ambako watu wanakodi meza wanaacha vitu vyao. Watoto wanakua haraka nguo haijachakaa. Angalieni pia mtandao wa vitu vilivyotumika wa Tori.fi, na mlioko Uswidi Blocket, Norwe Finn.no, Denmark DBA.

#12 Gikomba Forever

Sasa hapa ndio ningetaka kuuliza, kwa nini mnabeba chochote? Si mtu afike na jaketi moja anunue huko huko, ndio chanzo cha mitumba yetu. Ama tununue Gikomba kitu kilitoka Stockholm tukirudishe Stockholm kwa ndege?

#13 Mkazi wa Espoo

😂😂 Hoja nzito hiyo. Lakini jibu linategemea unakaa muda gani. Anayekuja mwaka mzima nakubaliana na wewe asilimia mia, aje mwepesi. Ufini kuna maduka ya mitumba ya UFF, ukibahatisha ile mauzo yao ya kufunga msimu bei inashuka siku hadi siku, na springi ndo msimu mmojawapo. Kuna Fida pia. Uswidi kuna Myrorna na Stadsmissionen, Norwe Fretex. Sufu halisi ambayo dukani mpya ungeiangalia kwa mbali hapo unaichagua.

Anayekuja wiki moja au mbili hiyo hesabu haimsaidii. Umetua Jumamosi jioni, Jumatatu asubuhi una mkutano, Jumapili unataka kutembea, muda wa kupekua mitumba unautoa wapi na upepo umeshakukuta uwanja wa ndege. Huyo aje amekamilika, na mitumba ya nyumbani ina vitu vizuri kwa bei ambayo huku huwezi kuiota. Waliopo kaskazini mwa Tanzania nendeni Memorial pale Moshi, majaketi ya wapanda mlima yamejaa, ndiyo haya haya ninayoyasema ya kuzuia upepo. Ukilishika lijaribu kwa maji, mwagia kidogo begani, yakiteleza chukua, yakinywewa acha. Zipu ivute mara kadhaa juu chini. Nusa makwapani.

#14 Nesi wa Uppsala

Niongeze ya afya haraka haraka nipo zamu.

Aleji. Mwezi wa nne mwishoni na wa tano mti wa mbetula unamwaga chavua, unaona vumbi la njano juu ya magari na kwenye madimbwi. Kuna watu walikuwa hawajui aleji Afrika wakija wanawashwa macho na kupiga chafya wanadhani ni mafua ya baridi. Cetirizine inauzwa famasi bila karatasi ya daktari, ila ukija nayo kutoka nyumbani ni nafuu zaidi.

Kupe. Ndio kupe, hata huku wapo, kuanzia joto likipanda kidogo tu, hasa visiwa vya Stockholm na Åland na pwani ya kusini magharibi ya Ufini. Wanabeba borelia (bakteria wa ugonjwa wa Lyme) na homa ya ubongo, ya pili ina chanjo. Ukitembea kwenye nyasi ndefu ingiza suruali ndani ya soksi, jioni jikague, nyuma ya magoti na kinena.

Barafu. Usikanyage barafu ya ziwa mwezi wa nne hata ukiona nyayo za watu. Barafu ya springi inaweza kuwa nene na bado ni mbovu ndani, jua limeshaila.

Ngozi. Hewa ya ndani ni kavu, midomo inapasuka, mafuta ya mgando beba kopo zima. Dawa zako za kila siku njoo nazo kwenye pakiti zake na barua ya daktari, ziwe kwenye begi la mkononi.

#15 Mzee wa Ferry

Naomba kuuliza upande wa chakula, mama kanifungia dagaa wa Kigoma, nyama kavu na embe kumi za mke wangu. Vinapita?

#16 Msee wa Nørrebro

Dagaa wanapita, samaki kwa matumizi yako unaruhusiwa hadi kilo 20, lakini funga vizuri bana usituaibishe kwa karuseli ya mizigo. Nyama hapana, maziwa na vitu vya maziwa hapana, hiyo ni sheria ya Umoja wa Ulaya nzima. Embe inahitaji cheti cha afya ya mimea, bila hicho wanachukua. Ndizi, nanasi, nazi na tende ndio haziitishwi cheti.

Na wale wa kwetu wanafikiria kubebea mtu miraa, tafadhali. Ni dawa ya kulevya kwa sheria ya hizi nchi zote tunaongelea hapa, utashikwa.

#17 Mpenda Theluji

Mkuu mimi nimepewa wiki ya mwisho ya mwezi wa nne niende Lapland, kaskazini kabisa mwa Ufini, ratiba yako ya jaketi jepesi inanihusu?

#18 Mkazi wa Espoo

Haikuhusu hata kidogo, na ni vizuri umeuliza. Rekodi ya kina cha theluji ya Ufini ilipimwa Kilpisjärvi, huko huko Lapland, tarehe 19 mwezi wa nne 1997, sentimita 190, yaani inazidi urefu wa watu wengi humu. Lapland mwezi wa nne ni baridi kamili ila yenye jua kali. Wewe ndo unahitaji koti zito, buti za theluji, na zaidi ya vyote miwani ya jua nzuri na losheni ya kuzuia jua, theluji inarudisha mwanga usoni kwa chini, unaungua mpaka chini ya kidevu na ngozi nyeusi pia inaungua msidanganyane. Nguo nzito waulize mapema wanaokupokea, kampuni nyingi za kutembeza watalii kule zinakuazima ovaroli na buti kwa muda wa safari.

Mwezi wa tano Lapland sikushauri kabisa kama unaweza kuchagua. Theluji inaoza, njia za kutembea ni maji na tope, mito imefura, vitu vingi vya watalii vimefungwa vikisubiri kiangazi.

#19 Jirani wa Geysir

Aisilandi tunayo sikukuu ya taifa inaitwa siku ya kwanza ya kiangazi, inaangukia Alhamisi kati ya tarehe 19 na 25 mwezi wa nne. Nendeni mkaone watoto wanaandamana na bendera kwenye mvua ya theluji. Yote mliyosema hapo juu zidisheni upepo. Ukifungua mlango wa gari ushike kwa mikono miwili, bima za magari ya kukodi nyingi hazilipi mlango uliong'olewa na upepo.

#20 Shangazi wa Mbezi

Wanangu nimesoma yote. Sasa nisaidieni, begi langu liwe na nini hasa, maana ndege ni kilo 23 na nusu yake ni vitu vya mzazi, unga wa ulezi, na mikanda ya tumbo.

#21 Mkazi wa Espoo

Shangazi twende taratibu. Vitu vya mzazi kwanza, hivyo havina mjadala. Kwako weka taiti za ndani mbili au tatu, blauzi za mikono mirefu, sweta mbili, suruali moja ya mvua hata kama huvai suruali nyumbani, magauni unayoyapenda kwa ajili ya ndani, soksi nzito jozi kadhaa na ndala zako za kuvaa ndani ya nyumba. Kanga. Mzula, shali, glavu. Adapta ya chaja, maana plagi zetu za miguu mitatu ya bapa hazichomeki huku, wao wana matundu mawili ya mviringo. Mafuta ya mgando. Bima ya safari karatasi yake iwe mkononi, ile ya viza ya angalau euro 30,000, unaweza kuulizwa mpakani.

Buti na jaketi la juu usiviweke kwenye begi kabisa. Buti zivae, jaketi libebe mkononi kuanzia Dar na mzula na glavu viwe mfukoni mwake, begi likichelewa kufika basi wewe bado unaweza kutoka nje ukasubiri usafiri. Na mwambie binti yako usafiri aukute mlango wa kutokea, sio kituo cha basi, mwezi wa tano ukitua usiku bado ni nyuzi 5 hapo nje.

#22 Shangazi wa Mbezi

Nimeelewa. Koti la Karume nani analitaka? Nalitoa kwa bei niliyonunulia, lipo Mbezi Beach, halijavaliwa.

#23 Mpenda Theluji

Mimi hapa shangazi, nalihitaji la Lapland. Nicheki inboksi.